Sedani ya kispoti Mombasa: urudishe ya kiwandani, uishushe, utie koilova au ukaze bodi?

Mwenye Mark X, Impreza, Legacy B4 au Crown Athlete hapa Mombasa akiingia gerejini kulalamika kwamba gari linalala kwenye kona, au linagonga chini kwenye matuta, hatoki bila ushauri wa namna nne. Fundi mmoja atamwambia arudishe kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Wa pili atamtaka atie springi fupi na shokomzoba ngumu. Wa tatu ana seti ya koilova (shokomzoba na springi katika kifaa kimoja cha kurekebishwa kimo) tayari dukani. Wa nne atasema kimo cha gari kisiguswe kabisa, aongeze stabilaiza nene (nondo inayozuia bodi kulala kwenye kona) na vyuma vya kukaza bodi. Kila mmoja ana hoja, ila kila mmoja anamfikiria dereva wa aina yake. Anayevuka feri ya Likoni asubuhi na jioni na anayetoka Nyali kwenda Nairobi kila mwisho wa mwezi hawahitaji gari la namna moja, hata kama yote mawili ni Mark X za mwaka mmoja.

Hapa nazilinganisha njia hizo nne kwa vigezo vilevile, kisha naeleza nani inamfaa ipi.

Kinachopimwa

Wengi huamini kwamba gari la kushika barabara lazima liwe gumu, na likiwa laini lazima liyumbe. Imani hiyo imewapotezea watu pesa nyingi. Kazi ya suspensheni, yaani springi, shokomzoba na mikono inayoshika magurudumu, ni kuhakikisha tairi halibanduki kwenye lami. Gurudumu likiwa na nafasi ya kupanda na kushuka, na shokomzoba ikaweza kulituliza kabla ya shimo linalofuata, gari litapiga kona vizuri na mgongo wako utasalimika kwa wakati mmoja. Nafasi hiyo ikiisha, vyote viwili huharibika pamoja. Kwa hivyo swali la kwanza kuuliza kuhusu kifaa chochote unachouziwa ni hili: kitaliachia gurudumu langu mwendo kiasi gani?

Wakenya tuna ushahidi wetu wa nyumbani. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Subaru Impreza, na Richard Burns akaishinda mwaka 2000 kwa Impreza vilevile. Magari yale hayakuwa yamelala chini. Yaliinuliwa na kupewa suspensheni yenye mwendo mrefu, na bado yalikwenda kwa kasi ambayo wengi wetu hatuwezi kuithubutu kwenye lami. Wahandisi wa Subaru walijua barabara ni mbaya, wakaliachia gurudumu nafasi.

Vigezo vyangu ni vitano. Kona: gari linaingiaje kwenye kona, linalala kiasi gani, na linatabirika mvua ikinyesha? Ulaini: linapitaje matuta ya mitaani, kabro za Mji wa Kale, na lami iliyokandamizwa na malori ya makontena njia ya Mariakani? Chumvi na joto: kitu hiki kitadumu vipi hapa ufuoni, ambapo kusi ikivuma huleta ukungu wa chumvi hadi chini ya gari? Fundi na spea: kuna anayeweza kukifunga sawasawa, na kikiharibika utapata kingine lini? Na mwisho gharama, ambayo nitaieleza kwa kulinganisha njia na njia, kwa kuwa bei za madukani hubadilika na shilingi.

Kabla ya yote, matairi

Hakuna njia kati ya hizi nne itakayokusaidia ukiwa umefunga matairi mabovu. Tazama ubavuni mwa tairi utaona tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani lenye kashata nzuri linaweza kuwa limekauka raba, na tairi kavu huteleza lami ikilowa hata kama linaonekana jipya.

Angalia pia kimo cha ubavu wa tairi. Mark X ya kizazi cha pili, ile ya kuanzia 2009, ilitoka kwa saizi tofauti kulingana na toleo. Yenye 215/60R16 ina ubavu wa karibu milimita 129, yenye 235/45R18 ina ubavu wa karibu milimita 106. Zile milimita 23 za hewa na raba ndizo zinazokunywa kingo za mashimo kabla hazijafika kwenye rimu. Rimu ya inchi 18 itaitikia usukani upesi zaidi, hilo ni kweli, lakini ukiweka rimu kubwa halafu ukashusha na gari, umeikata mara mbili nafasi ya kumeza mashimo.

Upepo pimeni asubuhi, gari likiwa baridi, kwa kufuata kibandiko cha mlango wa dereva. Hewa ya ndani ikipata joto la ziada la nyuzi 10 huongeza psi moja na nusu hadi mbili. Anayepima saa nane mchana kwenye jua, kisha akapunguza, kesho yake anaendesha na matairi yenye upepo mdogo.

Njia ya kwanza: kurudisha ya kiwandani

Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hivyo sedani nyingi zinazoshuka bandari ya Kilindini zimekwisha kutumika miaka kadhaa. Kadi ya mnada inaweza kuonyesha kilomita chache na bodi safi, lakini raba haihesabu kilomita peke yake. Bushi (raba za maungio) za mikono ya chini, maunti (vishikio) za juu za shokomzoba, linki za stabilaiza na boljointi huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Ongeza miaka kadhaa ya Mombasa juu yake, na lile gari unalolilaumu kwamba limeundwa vibaya huenda hujawahi kuliendesha kama lilivyoundwa.

*Kona.* Hapa ndipo watu hushangaa. Bushi zikiwa mpya, gurudumu halichezi mbele na nyuma unapofunga breki, na usukani unarudi katikati wenyewe. Gari bado litalala kidogo, kwa sababu ndivyo lilivyotoka, lakini linalala taratibu na kwa kipimo unachoweza kukizoea.

*Ulaini.* Hakuna njia inayoishinda hii. Mwendo wa gurudumu ni uleule aliouchora mhandisi, na springi zimelingana mbele na nyuma. Jambo hili la kulingana lina historia. Miaka ya 1930 Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi General Motors, alionyesha kwamba springi za nyuma zinafaa zicheze upesi kidogo kuliko za mbele. Tuta hupigwa na magurudumu ya mbele kwanza. Za nyuma, zikiwa na kasi zaidi ya kupanda na kushuka, huwahi zile za mbele na gari zima likatua pamoja badala ya kupiga mbizi mbele na nyuma. Anayebadilisha springi za upande mmoja tu, au anayechanganya za gari hili na lile, hulivunja pangilio hilo bila kujua.

*Chumvi na joto.* Shokomzoba za kawaida zenye mirija miwili huvumilia vizuri. Joto huzichosha katika safari ndefu ya mashimo mfululizo, kwa sababu mafuta ya ndani huchanganyika na gesi na kupoteza nguvu ya kutuliza, lakini kwa matumizi ya mjini hilo ni nadra.

*Fundi na spea.* Shokomzoba za chapa ya KYB zinapatikana kwa urahisi, na gereji yoyote inazijua. Tein nao wana EnduraPro, shokomzoba ya urefu wa kawaida yenye kizuizi cha mafuta mwishoni mwa mwendo, kwa hivyo gari likigonga tuta kwa nguvu halifiki kikomo kwa kishindo. Kwa barabara zetu ni wazo zuri sana.

Ila kuna jambo moja ambalo lazima ulisimamie kwa macho yako. Bushi nyingi za mikono ya chini zimegandishwa raba na chuma, hazizunguki ovyo. Fundi akizikaza boliti zake gari likiwa limening'inia kwenye jeki, magurudumu yamelegea chini, raba hukazwa ikiwa imekaa mahali pasipo pake. Gari likishushwa, raba inasokoteka na kubaki imesokoteka siku zote, na baada ya miezi michache imechanika. Mwenye gari atalaumu spea kuwa feki. Mwambie fundi azifunge boliti kwa mkono tu, aliteremshe gari likanyage, alitingishe, ndipo akaze kwa spana. Kama hafiki huko chini, aweke jeki chini ya mkono wenyewe mpaka gurudumu lipande kwenye kimo chake cha kawaida.

*Gharama.* Shokomzoba pekee ni nafuu kuliko njia ya pili na ya tatu. Ukiongeza bushi zote, maunti, linki na kazi ya presi, bili hupanda na inaweza kukaribia ile ya springi fupi. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii ungelazimika kuifanya hata ukichagua njia nyingine.

Njia ya pili: springi fupi na shokomzoba za kispoti

*Kona.* Springi fupi nyingi hushusha gari milimita 20 hadi 40 na huwa ngumu kidogo kuliko za asili. Uzito wa gari ukishuka karibu na ardhi, unahamia upande wa nje wa kona kwa kiasi kidogo zaidi. Utaliona gari likiingia kona za kupanda Mazeras limesimama wima zaidi, na usukani utajibu mapema.

Lakini fahamu umbo la suspensheni yako. Impreza ina strati za MacPherson mbele, yaani shokomzoba yenyewe ndiyo inayolishika gurudumu kwa juu, bila mkono wa juu. Ukishusha strati kupita kiasi, mkono wa chini huinamia juu kuelekea gurudumu, na ile nukta ambayo bodi huizunguka inapolala hushuka haraka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka. Matokeo ni kinyume cha ulichotaka: gari lina hamu zaidi ya kulala, na springi ngumu inafanya kazi ya kufidia. Mark X ina mikono miwili, ya juu na ya chini, kwa hivyo huvumilia kushushwa vizuri zaidi, ingawa nayo ina mpaka wake.

*Ulaini.* Shokomzoba ikilingana na springi, lami nzuri utaifurahia: gari halielei, linatua mara moja. Matuta ni habari nyingine. Kwenye fimbo ya shokomzoba kuna raba ya kikomo, mara nyingi ya njano au nyeusi, inayozuia chuma kugongana na chuma. Gari lililoshushwa milimita 30 limeisogelea raba hiyo kwa milimita 30. Ukiwa na abiria wanne na mizigo, unaweza kuwa unaendesha ukiwa umeikalia. Ukiigusa katikati ya kona, ugumu wa upande huo hupanda ghafla na tairi linaweza kuachia.

*Chumvi na joto.* Springi za chapa nzuri zimepakwa rangi ya unga, lakini jiwe likibandua rangi, kutu huanzia hapo. Gari lililo chini pia hupata maji mengi zaidi ya madimbwi wakati wa masika. Liogeshwe chini kwa maji baridi, si juu tu.

*Fundi na spea.* Springi fupi juu ya shokomzoba ya kawaida ni ndoa isiyodumu. Fimbo inafanya kazi karibu na chini muda wote na sili huchoka mapema. Nunua shokomzoba iliyokusudiwa. Bilstein, kwa mfano, wana B6 kwa gari lenye kimo cha kawaida na B8 iliyofupishwa kwa ajili ya springi fupi. Zote ni za mrija mmoja wenye gesi ya msukumo mkubwa, hivyo hupoa haraka kwa sababu mafuta yanagusa ukuta wa nje moja kwa moja. Fundi yeyote makini anaweza kuzifunga.

Kukata springi za asili kwa grainda sikuweki kwenye ulinganisho huu. Springi iliyokatwa haikai kwenye kikalio chake, moto wa kukatia huharibu chuma, na gurudumu likining'inia springi inaweza kutoka mahali pake.

*Gharama.* Ni ya kati. Ukinunua seti iliyolinganishwa kiwandani, unalipa zaidi ya springi tupu lakini unaepuka kununua shokomzoba mara mbili.

Njia ya tatu: koilova

*Kona.* Koilova ni shokomzoba na springi katika kifaa kimoja, kimo chake unakirekebisha mwenyewe kwa uzi wa skrubu, na nyingi zina kitasa cha kuongeza au kupunguza ukali wa kutuliza. Seti za BR za BC Racing zina hatua 30, Flex Z ya Tein ina 16. Zikirekebishwa na mtu anayejua, hakuna kati ya njia nne itakayolifanya gari lijibu kwa usahihi kama hii. Zikirekebishwa kwa kubahatisha, gari litakuwa baya kuliko lilivyokuja.

*Ulaini.* Watu huogopa koilova kwa sababu ya zile ngumu za bei rahisi. Seti nzuri inaweza kupita barabara ya Kilifi kwa utulivu. Jambo la kuuliza dukani ni namna kimo kinavyorekebishwa. Katika aina ya kwanza, unashusha kikalio cha springi, na gari likishuka mwendo wa gurudumu unapungua. Katika aina ya pili, unafupisha sehemu ya chini ya mwili wa koilova, na fimbo inabaki na mwendo wake wote. Kwa Mombasa mimi naipendelea aina ya pili, ingawa nayo ikishushwa mno tairi litafika kwenye fenda kabla fimbo haijamaliza mwendo.

Wapo wanaokaza kikalio wakidhani wanaifanya springi iwe ngumu. Springi ya kawaida iliyonyooka haiongezeki ugumu kwa kukazwa. Unachobadilisha ni kimo, na nafasi ya gurudumu kushuka shimoni.

Ugumu wa springi usichague kwa jina la seti. Gari la kifamilia hupanda na kushuka mara moja na kidogo kwa sekunde, na la kispoti la barabarani hukaribia mara mbili. Ukivuka hapo unaelekea kwenye gari la mashindano, na barabara ya kwenda nyumbani haitakuwa laini kama uwanja wa mbio.

*Chumvi na joto.* Huu ndio udhaifu mkubwa wa njia hii kwa mwenyeji wa pwani. Uzi wa skrubu uko wazi, umekaa nyuma ya gurudumu, unapigwa na maji ya chumvi na vumbi la matumbawe. Pale alumini inapogusana na chuma kukiwa na chumvi, vitu viwili hivyo huliana. Baada ya misimu miwili bila huduma, ile pete ya kurekebishia kimo haizunguki tena hata kwa nyundo, na koilova yako ya kurekebishwa imegeuka kuwa ya kudumu. Paka grisi ya kuzuia kugandana tangu siku ya kufunga, vaa soksi za kitambaa zinazouzwa kwa kazi hiyo, suuza kwa maji baridi, na angalau kila baada ya miezi kadhaa zungusha pete kidogo na kuirudisha.

*Fundi na spea.* Mafundi wa kuzifunga wapo. Wa kuzirekebisha kwa kupima urefu wa kila kona na kurudia alaimenti (kunyoosha pembe za magurudumu) ni wachache. Sili ikivuja, seti nyingi hazina karakana ya kuzifanyia ukarabati mjini, kwa hivyo utaagiza mrija mzima na kusubiri.

*Gharama.* Ni ya juu kuliko njia nyingine zote za kawaida, na haina mwisho siku ya kufunga, ina huduma.

Njia ya nne: stabilaiza nene na kukaza bodi

*Kona.* Stabilaiza ni nondo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili bodi isilale. Ugumu wake hupanda kwa haraka mno kipenyo kikiongezeka, kwa kipeo cha nne. Kutoka milimita 20 hadi 22 huonekana ni kidogo, lakini nondo inakuwa ngumu karibu mara moja na nusu. Kwenye Impreza, ambayo hupenda kusukuma pua nje ya kona, stabilaiza nene ya nyuma hulifanya gari ligeuke kwa hiari zaidi. Kwenye Mark X yenye nguvu magurudumu ya nyuma, kitu kilekile kinaweza kulifanya tako liteleze mvua ya kwanza ya masika ikichanganyika na mafuta ya malori barabarani. Kwa gari hilo anza na ya mbele, au ongeza zote mbili kwa kipimo.

Kukaza bodi nako si porojo. Toyota walipotengeneza Mark X GRMN ya mwaka 2019, toleo maalumu la kispoti la magari 350 tu, waliongeza nukta 252 za kuchomelea kwenye bodi. Bodi ikiwa imara, shokomzoba inafanya kazi dhidi ya kitu kisichopinda, kwa hivyo unaweza kutumia springi laini na bado gari likawa sahihi. STI, kitengo cha spoti cha Subaru, wamekwenda njia nyingine: baa yao ya kuunganisha ncha za juu za strati ina kiungo katikati, inakataa nguvu za ubavuni lakini inaruhusu bodi ipumue juu na chini, ndiyo maana haileti ukali kwenye matuta.

Baa ya strati husaidia zaidi gari la MacPherson, ambapo ncha ya juu ya strati inabeba nguvu za kona. Kwenye Mark X faida yake ni ndogo. Na kwenye gari lolote lenye bushi zilizokufa, utakuwa umepamba injini tu.

*Ulaini.* Kimo na mwendo havijaguswa, kwa hivyo matuta unayoyapita kwa magurudumu yote mawili pamoja hayatakuwa magumu zaidi. Shimo la upande mmoja ndilo utakalolihisi. Nondo nene hulipeleka pigo la kushoto hadi kulia, na vichwa vya abiria vikatikisika huku na huku.

*Chumvi na joto.* Hapa pana utulivu. Chuma kinene kilichopakwa rangi hakina sili wala uzi. Linki na bushi za nondo ndizo zitakazoisha, na ni bei ndogo.

*Fundi na spea.* Kazi nyepesi kuliko zote. Mara nyingi ni boliti chache, na ukitaka kurudisha ya asili unairudisha siku hiyohiyo.

*Gharama.* Ya chini, hasa ukianza na stabilaiza moja.

Spesa, hewa na umeme

Wengi hapa huinua sedani kwa spesa za raba au alumini ili zisigonge. Spesa haiongezi mwendo wa gurudumu, huuhamisha tu, na ikizidi, ekseli zinazozungusha magurudumu zinafanya kazi kwa pembe mbaya hadi buti zake (mifuko ya raba inayofunika viungo) zinachanika. Kama tatizo ni gari kugonga, kwanza hakikisha springi za asili hazijalegea. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda pande zote mbili. Ukikuta upande mmoja uko chini, spesa haikuwa dawa.

Mwenye Mercedes C-Class ya W205 yenye Airmatic ana chaguo tofauti. Mfumo ule hutumia mifuko ya raba yenye hewa badala ya springi za chuma, ni mtulivu mno, lakini raba hiyo ikianza kupasuka gari hulala usiku na kompresa inachoka kwa kulijaza kila asubuhi. Ukilitaka gari hilo kwa sababu ya utulivu wake, tenga pesa za mifuko tangu siku ya kununua. Ukitaka kuepuka gharama hiyo, tafuta lenye springi za chuma badala ya kulibadilisha baadaye.

Kwa hali yako

Unavuka Likoni kila siku: usishushe. Maji yakipwa, mteremko wa gati huwa mkali, na pale bamba la feri linapokutana na saruji panatokea kipembe ambacho bampa ya mbele hukifikia kabla ya tairi. Njia ya kwanza inakufaa, na ya nne juu yake ukitaka kona zaidi. Ukiwa na koilova tayari, ziinue hadi kimo cha asili na uzitumie kwa ubora wa kutuliza, si kwa sura.

Unakaa Nyali au Bamburi, mzunguko wako ni wa mjini na watoto nyuma: njia ya kwanza, na ubaki na rimu ndogo iliyoruhusiwa kwa toleo lako. Tofauti utakayoisikia kwa bushi mpya na tairi lenye ubavu mzuri ni kubwa kuliko unavyotarajia.

Unakwenda Nairobi mara kwa mara, karibu kilomita 480 kila upande, na gari limejaa: tafuta shokomzoba za mrija mmoja kwa urefu wa kawaida, zile za daraja la B6, pamoja na springi za asili zenye afya. Utapata utulivu kwenye mwendo wa kasi na nafasi ya kubeba mizigo. Springi fupi kwa kazi hii zinakufikisha kwenye raba ya kikomo kabla hujafika Voi.

Wewe ni kijana, gari ni lako peke yako, barabara zako ni Dongo Kundu na za lami nzuri, na unapenda sura ya gari lililoshuka: njia ya pili kwa kiasi, milimita 20 au 25, kwa seti iliyolinganishwa. Kama una Impreza ya strati, usipite hapo.

Unapenda kurekebisha, una fundi wa kupima, na uko tayari kuhudumia uzi wa skrubu kila msimu: koilova zitakulipa. Anza na ukali mdogo wa kutuliza, ongeza hatua mbili mbili huku ukipita barabara ileile, na uandike.

Pesa ni chache na gari linalala mno: stabilaiza moja inayofaa mpangilio wa gari lako, baada ya kuangalia linki na bushi zilizopo.

Na njia yoyote utakayoifuata, iarifu kampuni ya bima kama umebadilisha kimo au springi. Fanya alaimenti siku ya kufunga, kisha irudie wiki mbili baadaye, springi zikishakaa. Chukua karatasi ya vipimo, uangalie toe (pembe ya kuelekea ndani au nje) ya magurudumu ya nyuma na si ya mbele peke yake, kwa kuwa kwenye Mark X na Impreza za kuanzia 2007 nyuma nako kunarekebishika, na ndiko kunakosahauliwa.